Mwenye Pumu Asitolewe Uwanjani

Katika shule nyingi za sekondari yuko mwanafunzi ajulikanaye kwa jambo moja: hakimbii. Saa ya michezo ifikapo, wenzake huvaa viatu vya mpira, naye hupewa kazi ya kulinda mikoba na saa zao. Ana barua ya mzazi, au cheti cha zahanati, au pengine neno la mwalimu wa zamu tu, kwamba kifua chake ni kibovu na asisumbuliwe. Tendo hilo hufanywa kwa huruma. Lakini huruma isiyokuwa na elimu yaweza kumdhuru mtu kama ukatili udhuruvyo, na katika suala la pumu ndivyo mambo yalivyo.

Yuko pia mwenzake wa upande wa pili, ambaye pumu yake haikuandikwa popote. Huyu huhesabiwa kuwa mvivu. Hulazimishwa kumaliza mizunguko pamoja na wengine, na akisimama akikohoa huambiwa kwamba anajidekeza. Wanafunzi hawa wawili hutendewa kinyume, lakini kosa ni moja: shule imekata shauri juu ya mapafu yao bila kuuliza mapafu hayo hufanyaje kazi.

Hoja ya makala haya ni kwamba mahali pa mwenye pumu ni uwanjani pamoja na wenzake, na kwamba mambo mengi yanayohitajika ili acheze kwa usalama yamo ndani ya uwezo wa shule ya kawaida. Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kwanza kutazama ugonjwa wenyewe.

Pumu ni nini?

Hewa tunayovuta hupita puani na kooni, kisha huingia katika mirija inayogawanyika kama matawi ya mwembe, kila tawi likizaa matawi madogo zaidi, hadi kufikia vifuko vya mapafu. Kwa mwenye pumu, ngozi laini iliyo ndani ya mirija hiyo ina uvimbe wa kudumu. Uvimbe huo huifanya mirija iwe myepesi wa kuchokozeka. Ikichokozwa na vumbi, moshi, mafua, chavua, manyoya ya wanyama au hewa kavu, mambo matatu hutokea: misuli inayoizunguka hujibana, ngozi yake huvimba zaidi, na ute mzito huziba nafasi iliyobaki. Ndipo kifua kinapobana, mgonjwa akakohoa, na pumzi ikatoka kwa mlio kama wa filimbi.

Pumu haiambukizi. Wala haitokani na uoga au utoto, ijapokuwa hofu yaweza kulizidisha shambulio lililokwisha kuanza. Jambo la kukumbukwa zaidi ni kwamba uvimbe ule hubaki hata siku ambazo mgonjwa anajiona mzima. Ni moto uliofunikwa majivu. Anayetibu mashambulio peke yake na kuuacha uvimbe anapuliza majivu na kuliacha kaa likiwaka.

Kwa nini mbio huiamsha pumu?

Hapa pana somo ambalo mwalimu wa Baiolojia na mwalimu wa Fizikia wangeweza kulifundisha pamoja. Mtu mzima aliyetulia hupumua kiasi cha lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu kiasi hicho huweza kufika lita 50, na kwa mwanariadha hodari huvuka lita 100. Katika utulivu, pua huifanyia hewa kazi tatu: huichuja, huipasha joto, na huitia unyevu. Mbio zinapokolea, pua peke yake haitoshi, na mkimbiaji hupumua kwa kinywa. Kazi iliyokuwa ya pua sasa inaiangukia mirija ya kifuani.

Ukubwa wa kazi hiyo waweza kupigiwa hesabu. Hewa iliyo ndani kabisa ya mapafu ina nyuzi 37 za Selsiasi na imeshiba unyevu. Mita moja ya ujazo ya hewa hiyo hubeba gramu 44 hivi za maji. Hewa ya nyuzi 10, hata ikiwa imeshiba unyevu, haibebi zaidi ya gramu 9 au 10. Mwanafunzi anayepumua lita 50 kwa dakika hupitisha mita moja ya ujazo kwa muda wa dakika 20. Kwa hiyo, akikimbia alfajiri ya Julai huko Makete au Njombe, mirija yake yapaswa kuiongezea hewa hiyo gramu 34 hivi za maji, ingawa sehemu ya maji hayo hurudi mwilini wakati wa kutoa pumzi. Mwenzake wa Dar es Salaam, akikimbia katika hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ana deni la gramu 20 tu. Umbali ni uleule na mwendo ni uleule, lakini mirija haikupewa kazi iliyo sawa.

Maji yanapopungua juu ya ngozi ya mirija, majimaji yanayobaki huwa na chumvi nyingi zaidi. Mwanafunzi aliyesoma osmosisi ataelewa kinachofuata: maji hutoka ndani ya seli kwenda nje, seli husinyaa, na baadhi ya seli za kinga humwaga kemikali kama histamini na lukotrini. Kemikali hizo huiamrisha misuli ya mirija ijibane. Hivyo pumu ya mbio huanza na ukavu, na hewa ya baridi huuzidisha ukavu huo.

Shambulio la namna hii lina tabia moja inayowapotosha walimu. Aghalabu hufikia kilele chake dakika 5 hadi 10 baada ya mkimbiaji kusimama, kisha hupungua lenyewe katika muda wa nusu saa hadi saa moja. Kwa hiyo mwalimu wa michezo huenda asilione kabisa. Linaonwa na mwalimu wa kipindi kinachofuata, ambaye hushangaa kwa nini mwanafunzi mmoja anakohoa mfululizo kila baada ya michezo. Yeyote anayeona hali hiyo ikirudiarudia ana sababu ya kutosha ya kumpeleka mwanafunzi huyo kwa daktari. Hospitalini nguvu ya pumzi hupimwa kabla ya zoezi na baada yake, na ikishuka kwa asilimia 10 au zaidi hilo huwa dalili ya ugonjwa huu.

Ushahidi wa viwanja vya dunia

Wako watakaosema kwamba maelezo hayo yanathibitisha tu kuwa mwenye pumu asikimbie. Historia ya michezo inasema vingine.

Katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, mwogeleaji wa Marekani Rick DeMont, aliyekuwa na umri wa miaka 16, alishinda mita 400 za mtindo huru, kisha akanyang'anywa medali kwa sababu dawa yake ya pumu ilikuwa na efedrini. Kijana huyo alikuwa ameitaja dawa hiyo katika fomu zake. Walioshindwa kulishughulikia jambo hilo ni viongozi wake, na mwaka 2001 Kamati ya Olimpiki ya Marekani ilikiri hivyo. Miaka 12 baada ya Munich, kabla ya Olimpiki ya Los Angeles ya 1984, wanamichezo 597 wa timu ya nchi hiyo walichunguzwa, na 67 kati yao wakagunduliwa kuwa na pumu ya mazoezi. Walipewa matibabu yanayoruhusiwa, wakaenda mashindanoni, na kwa jumla wakapata medali 41. Kilichobadilika kati ya Munich na Los Angeles ni uangalifu wa chombo kilichowaongoza. Pumu ilikuwa ileile.

Mfano mwingine ni wa Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyegunduliwa kuwa na pumu tangu ujana wake. Mwezi Aprili 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia ya wanawake ambayo haikuvunjwa hadi Brigid Kosgei wa Kenya alipoipita huko Chicago mwaka 2019.

Mfano wenye mafunzo zaidi kwa shule zetu ni wa Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Mwaka 2008 alikataa kushiriki marathoni ya Olimpiki ya Beijing, akihofia madhara ya hewa chafu ya mji ule kwa pumu yake. Alikimbia mita 10,000 badala yake. Mwezi Septemba mwaka huohuo, katika hewa ya Berlin, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59, akiwa binadamu wa kwanza kwenda chini ya saa 2 na dakika 4. Mtu huyo hakuacha kukimbia kwa sababu ya pumu. Aliichagua hewa ya kukimbilia.

Isidhaniwe kuwa hayo ni ya mabingwa tu. Mapitio ya tafiti 21 yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka 2013 yalionyesha kwamba mazoezi ya mwili huongeza uwezo wa moyo na mapafu wa wenye pumu, na kwamba huvumilika vema. Mwili uliozoezwa huhitaji pumzi chache zaidi kwa kazi ileile, na pumzi chache maana yake ni maji machache yanayopotea kifuani. Yule anayeketishwa kivulini mwaka baada ya mwaka hupoteza nguvu hizo, hata kupanda ngazi kukamtoa jasho. Na kila anapohema, wenzake huona ushahidi kwamba kumketisha kulikuwa halali.

Hofu ya mwalimu

Hata hivyo, hofu ya mwalimu isidharauliwe. Pumu huua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 waliugua pumu, na 455,000 walikufa kwayo, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo, ambako ugonjwa haugunduliwi na dawa hazipatikani. Mwalimu asiyetaka mtoto wa watu amfie uwanjani ana haki ya kuogopa.

Lakini hofu hiyo ielekezwe panapostahili. Mahali pa hatari kubwa ni kifua kisichotibiwa. Mwanafunzi aliyeamka usiku akikohoa, anayekoroma kifuani asubuhi, au mwenye mafua makali, asikimbie siku hiyo, na mwalimu asimlazimishe. Mwanafunzi anayehitaji dawa ya kutuliza mara kwa mara ndani ya juma moja amejionyesha kwamba uvimbe wake haujadhibitiwa; apelekwe kliniki kabla ya kurudishwa uwanjani. Aliyedhibitiwa hana sababu ya kuketi.

Katika matibabu hayo, fikra moja ya zamani haina budi kuachwa. Salbutamoli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969, huilegeza misuli ya mirija kwa dakika chache tu za kungoja, na kwa sababu hiyo wagonjwa wengi huiona kuwa ndiyo matibabu yote. Kumbe haiugusi uvimbe. Dawa ya uvimbe ni steroidi ya kuvuta, ambayo haina haraka na haimpi mgonjwa raha ya papo hapo, ndiyo maana huachwa. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, uitwao GINA, haupendekezi tena kwamba kijana wa miaka 12 na zaidi atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Kila mmoja yampasa apate steroidi ya kuvuta, ama kila siku, ama ikiwa imechanganywa na formoteroli katika pampu moja anayoitumia anapohitaji. Dozi ni kazi ya daktari. Kazi ya shule ni kumhimiza mzazi aulize, na kuukanusha uvumi kwamba pampu humzoeza mtu au huua moyo. Uvumi huo huwafanya vijana waifiche pampu chini ya godoro.

Saa na mahali

Baada ya kifua huja uwanja. Shule nyingi za Tanzania zina desturi ya mchakamchaka wa alfajiri, na nyingi huwa na usafi wa mazingira saa hiyohiyo. Yafaa utaratibu huo utazamwe kwa jicho la sayansi. Wanafunzi hufagia uwanja mkavu, vumbi likapanda. Majani na takataka hukusanywa na kuchomwa, moshi ukatanda. Jiko la kuni la shule nalo huwa limewashwa. Kisha, katika hewa hiyo, mamia ya vijana huamriwa kukimbia huku wakiimba kwa sauti, jambo linalowataka wapumue kwa kinywa. Kama mtu angetaka kubuni jaribio la kuiamsha pumu, asingehitaji kuongeza lolote isipokuwa baridi, na baridi hiyo mikoa ya nyanda za juu inayo tayari.

Marekebisho yake hayana gharama. Uwanja unyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, au ufagiliwe jioni baada ya michezo. Takataka zifukiwe katika shimo la mboji badala ya kuchomwa. Mkondo wa mbio upitishwe mbali na jiko na barabara ya vumbi. Katika miezi ya baridi, mbio zisogezwe hadi jua litoke, na mwenye pumu aruhusiwe kujifunga kitambaa chepesi puani na kinywani, kwani kitambaa hicho huhifadhi joto na unyevu wa pumzi itokayo na kuurudisha kwa ile iingiayo. Hakuna mwanafunzi atakayedhurika kwa hewa safi, awe na pumu au asiwe nayo.

Kupasha mwili moto ni kinga yenye nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Dakika 10 hadi 15 za mwendo mwepesi, zikichanganywa na mbio fupifupi za nusu dakika na mapumziko kati yake, huwapa wengi wa wenye pumu ya mazoezi ahueni: kwa saa moja hadi tatu baadaye mirija yao haijibani kwa urahisi. Mwisho wa zoezi nao uwe wa taratibu. Mwanafunzi asikatishe mbio ghafla na kuketi. Wengine hushauriwa na daktari kuvuta dawa dakika 10 hadi 15 kabla ya mchezo. Mwalimu ajue pia kwamba michezo hailingani. Mbio ndefu zisizo na mapumziko huchokoza zaidi, ilhali mpira wa wavu, mpira wa pete, mbio fupi na kuruka, vyenye vipindi vya kupumzika, huchokoza kidogo. Mwanafunzi anayeanza aweza kuanzia huko, akapanda hatua kwa hatua.

Pampu iwe mfukoni

Liko jambo ambalo peke yake lingeweza kuokoa maisha: dawa ya pumu isifungiwe kabatini. Katika shule za bweni dawa zote huwekwa kwa matroni au katika ofisi, na utaratibu huo una sababu nzuri kwa vidonge. Kwa pumu haufai. Shambulio haliwezi kungoja mwenye ufunguo arudi kutoka mjini. Kijana wa sekondari aliyefundishwa kutumia pampu abaki nayo mfukoni, darasani, bwenini na uwanjani, na ya akiba iwekwe mahali panapojulikana na kufunguka.

Shambulio likitokea, mgonjwa aketishwe wima, asilazwe, wala asizungukwe na umati. Mtu mmoja mtulivu abaki naye bila kumwacha. Pampu itikiswe, avute salbutamoli mara moja, apumue mara nne kupitia chombo cha kupitishia dawa, kisha arudie hadi mivuto minne. Baada ya dakika nne, kama hakuna nafuu, apewe tena minne, na safari ya hospitali ianze huku dawa ikiendelea kutolewa njiani. Asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, ambaye ngozi inadidimia kati ya mbavu, midomo inageuka rangi, au anaanza kusinzia, yuko hatarini na asingojewe hata dakika moja. Na kifua kilichokuwa kikilia kikinyamaza ghafla ilhali mgonjwa bado anahangaika, kimya hicho si nafuu: hewa haipiti tena.

Chombo cha kupitishia dawa hudhaniwa kuwa anasa ya hospitali kubwa. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto wenye shambulio la pumu: chupa ya kawaida ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa pampu na kuzibwa vizuri pembeni, ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani. Mgonjwa huweka midomo kwenye mdomo wa chupa, pampu ikachomekwa nyuma. Klabu ya sayansi ya shule yoyote yaweza kutengeneza vyombo hivyo kwa saa moja, ikavionyesha kwa muuguzi wa zahanati ili avikague, na ikawa imejifunza sayansi inayotumika.

Wajibu wa shule

Hivyo basi, mkuu wa shule anayetaka kuanza hahitaji kungoja waraka wala fedha. Awaulize wazazi wakati wa kuandikisha wanafunzi ni nani ana pumu na anatumia dawa gani, na orodha hiyo ifike kwa mwalimu wa michezo. Walimu wote, pamoja na viranja wa mabweni, wafundishwe hatua za kumsaidia mgonjwa. Moto wa takataka uzimwe, pampu zitolewe kabatini, na dakika 15 za kupasha mwili ziandikwe katika ratiba ya michezo ya shule nzima. Wanafunzi nao wana wajibu wao: aliye na pumu aseme, na asiye nayo asicheke.

Hayo yakifanyika, suala la nani akimbie litaamuliwa na hali ya kifua cha siku ile, kama iamuliwavyo kwa mchezaji mwenye mguu ulioteguka. Leo apumzike, kesho arudi. Na jina lake liwemo katika orodha ya wachezaji, mahali lilipopaswa kuwa tangu mwanzo.